Ndiyo ya Mzee Fernand

Shangazi Alphonsine mpendwa,

Nisaidie, maana tangu wiki jana natembea ndani ya nyumba yangu kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha, nashika sufuria nasahau nilitaka kupika nini, nafungua dirisha nasahau kulifunga, na ukungu wa mtoni unaingia hadi jikoni nami nausogezea kiti, na yote haya ni kwa sababu ya neno moja ambalo mume wangu ameliandika kwenye ubao na kulisimamisha kando ya barabara. Neno lenyewe ni fupi, ni Ndiyo.

Sijawahi kuandikia gazeti. Nasoma safu yako kila Alhamisi huku nikitazama ploye, chapati zetu za maji, zikiiva, na wewe mtoto wa bondeni huku unajua nasema kutazama kwa sababu ploye haigeuzwi, unamimina rojo kwenye kikaango cha chuma, unangoja juu kutoboke vijitundu na kukauke, unaitoa, na mtu akiigeuza tunajua hakuzaliwa kwetu. Nakutajia ploye kwa sababu mume wangu Fernand ndivyo alivyo, ameiva upande mmoja tu, akishasema jambo amelisema. Nilimkuta nikiwa msichana nimekuja kuokota viazi kwenye shamba la baba yake, wenzake wote wameinama matutani, yeye amelala chali juu ya mapipa anatazama mawingu, nikampenda kwa ajili ya yale mawingu, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza alikuwa anaona nini mle.

Tuna mtoto mmoja, Solange. Anaishi Portland, kule kusini, unaondoka asubuhi unafika jua limechoka, na anaishi na mwanamke anayeitwa Colleen ambaye kazi yake ni kurekebisha sauti za piano za watu. Wanapendana, Shangazi, siwezi kulisema kwa namna nyingine. Hata walipokuwa tayari nyumba moja, Solange alikuwa anaomba likizo kila mwaka anakuja kuvuna viazi na baba yake, wawili juu ya mashine ya kuvunia wakichambua mawe na viazi bila kusemezana kutwa nzima, kisha wanaingia ndani wamejaa vumbi, wameridhika, utadhani wametoka kwenye mazungumzo marefu.

Sasa miaka mitatu iliyopita ndipo lilipokuja lile Swali la Kwanza. Unakumbuka jimbo letu zima la Maine lilivyochemka. Wabunge walikuwa wamepitisha sheria ya kuwaruhusu watu wa jinsia moja kuoana, wasioitaka wakakusanya saini, na wananchi tukaulizwa kwenye karatasi ya kura: mnataka kuikataa sheria hii? Kwa hiyo aliyesema Ndiyo alikuwa anakataa na aliyesema Hapana ndiye aliyekuwa anakubali, na watu walichanganyikiwa mpaka Padri akalieleza mara mbili baada ya misa. Fernand hakuchanganyikiwa. Alichukua ubao uliobaki wa mlango wa ghala la viazi, akachukua rangi nyekundu ya trekta, akaandika kwa mkono wake NDIYO, SWALI LA 1, akausimamisha kwenye nyasi zetu upande wa kanisani ili kila anayekwenda misani auone.

Hakuna aliyemwambia Solange. Mimi niliogopa na baba yake nadhani hakuwaza. Akaja kwa ajili ya mavuno kama kawaida yake, nikaliona gari likikata kona, likapunguza mwendo, likasimama pale penye ubao. Hakushuka. Akaingia uani, akageuza gari, kuku wakatawanyika, akaondoka, na mimi nikakimbia nyuma yake na unga mikononi mpaka pumzi zikaniishia kwenye mtaro. Fernand alivuna peke yake mwaka ule. Na Ndiyo ikashinda jimbo zima, na bondeni kwetu ikashinda zaidi, na Fernand akaung'oa ubao akaurudisha ghalani.

Tangu hapo Solange hajakanyaga. Tunaongea kwa simu Jumapili, baba yake akiwa kwa Rosaire wanakunywa kahawa, Rosaire huyu ni jirani yetu na rafiki yake tangu wakiwa wadogo. Fernand akirudi hamtaji mtoto wala haulizi habari zake. Anavua kofia, anakaa, anasema, "Kusini mvua inanyesha?" Nami namwambia inanyesha, au hainyeshi, au kuna upepo lakini jua lipo, basi anaitikia kwa kichwa na kuendelea na mkate wake. Huwa namuuliza Solange hali ya hewa kabla ya kukata simu ili nisije nikakosa jibu.

Mwaka huu swali limerudi, Shangazi, unajua, na hao walioliandika sijui walikuwa wamelala, maana wamelipa namba ileile. Swali la Kwanza. Ila safari hii wameligeuza, wanauliza mnataka kuruhusu? Kwa hiyo Ndiyo ya mwaka huu ni ndiyo kweli, na Hapana ni hapana, na wale waliosema Ndiyo mara ya kwanza wakitaka kubaki palepale inabidi sasa waseme Hapana.

Mwezi uliopita tulikuwa na ile karamu ya maharage kwenye ukumbi wa parokia, yale maharage yanayoivishwa kwa kufukiwa shimoni, na meza nzima ilikuwa ni hayohayo. Rosaire alikuwa anahesabu kwa uma.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mwaka ule nilisema Ndiyo, nikawa mtu mwema. Mwaka huu nikisema Ndiyo nimekuwa mtu wa Portland?"

"Nikisikia vizuri, umekuwa mtu mwema kwa mara ya kwanza," akamjibu mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa upande wa pili, mama mpole lakini ulimi wake unajua njia. "Nina mjukuu, Rosaire. Umembeba mgongoni. Huyo ndiye unayemwambia asioe."

"Simwambii asioe. Namwambia neno hilo lina maana yake tangu zamani, wasilihamishe."

"Wewe mwenyewe umehamishiwa neno mwaka huu na bado unakula maharage vizuri tu."

Watu wakacheka, Rosaire naye akacheka lakini masikio yamemwiva, na Fernand wangu alikuwa pembeni yangu, kipande cha mkate wa siagi mkononi, macho ameyafumba kama kawaida yake akishiba, amesinzia. Kichwani mwangu nikamfunika shuka kama mtu aliyelala, nikasema afadhali hajasikia, maana nilikuwa sitaki vita mezani.

Viazi vikaingia ghalani. Majani yakaanguka yote siku moja, kukawa na ile mianga ya Oktoba ambayo inafanya hata trekta bovu lionekane limebarikiwa. Asubuhi hiyo nikamwona Fernand anatoka ghalani na ule ubao begani. Ameupaka rangi upya, herufi zilikuwa zimepauka, sasa zinang'aa nyekundu kama jana. NDIYO, SWALI LA 1.

"Mbao bado nzima," akasema.

"Mzee, unajua mwaka huu..."

"Pale pa zamani pameota jiwe. Njoo huku. Shika hapo, usitikise."

Tukaenda kwenye ile kona ya mti wa tofaa, pale ambapo gari likitoka kusini ndipo linapoiona nyumba yetu. Nikashika ubao. Akapiga nyundo. Ningeweza kusema, Shangazi, kati ya pigo moja na jingine palikuwa na nafasi ya sentensi nzima. Nilikuwa nimeshaijua maana yake, yeye hajui, na nikaangalia mikono yake na herufi zile, nikawaza gari likikata kona, na sikusema. Sikutikisa.

Na mimi ndiye mkalimani wake, ndiyo maana naumia. Nyumbani tunasema Kifaransa, na Kiingereza cha Fernand ni cha trekta na cha mnada wa viazi. Tangu tuoane kila karatasi inayoingia nyumbani ananiletea, ananyoosha, anasema, "Wanasemaje hawa?" nami namtafsiria, za benki, za serikali, hata maelezo ya dawa ya kikohozi. Swali hili hakuniletea. Hakuuliza kabisa, kwa sababu anadhani analijua, ni lile la mwaka ule. Amekosea na mimi nimemwachia akosee, mimi niliyepewa kazi moja tu ya kumwambia watu wanasema nini.

Basi siku ya pili yake binti wa dada yangu akapita, akapiga picha, akaituma Portland. Jioni simu ikalia, na haikuwa Jumapili.

"Mama, ni kweli?"

"Ni kweli nini, mwanangu?"

"Kibao cha Baba. Nimetumiwa picha. Mama, ni mwandiko wake, ile D yake iliyovimba tumbo." Akawa analia, na nyuma yake nikamsikia Colleen anasema taratibu, pumua, pumua. "Ni yeye aliyekiweka? Anamaanisha hivyo?"

Na mimi nikasema ndiyo.

Umeona, Shangazi? Nikasema ndiyo. Ikatoka yenyewe kama mvuke.

"Tunakuja," akasema. "Jumapili, mimi na Colleen, kabla ya kura. Usimwambie Baba kitu, nataka nimwone uso wake."

Tangu hapo siko duniani. Bondeni nako kumegeuka. Rosaire hamkaribishi tena Fernand kahawa, juzi alipita na gari lake hakuinua hata kidole kwenye usukani, Fernand akasema tu, "Rosaire ana haraka siku hizi," akaendelea kunoa shoka. Padri alimshika mkono mlangoni mwa kanisa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akamwambia atamwombea, Fernand akasema asante. Msichana wa duka la dawa, yule mwenye nywele za bluu, alitoka nyuma ya meza akamkumbatia, na Fernand akarudi nyumbani akakaa kwenye gari kwa muda kabla ya kushuka, anatazama kioo cha mbele kama vile alivyokuwa anatazama mawingu. Nikimwona hivyo nahisi nimemweka kwenye mchezo wa kuigiza ambao wote wanaujua isipokuwa yeye.

Nimeota ule ubao umechipua. Umetoa majani ya viazi na maua meupe, na Solange ni mtoto tena, anachuma yale maua anayatia kwenye kofia ya baba yake, na mimi nimeshika chini kwenye shina, nimeambiwa nisitikise. Niliamka mikono imekufa ganzi.

Nikimwambia, atang'oa ubao, namjua, na Jumapili mtoto wangu atakata kona akute shimo kwenye nyasi, na safari hii hatarudi tena, hatarudi hata kunizika. Nisipomwambia, Jumanne ataingia kwenye kibanda cha kura na kalamu yake, mtu ambaye hajakosa kura hata moja maisha yake yote, na atasema asichokusudia, na mimi nitakuwa nimemwibia. Na Solange atakuwa amemkumbatia baba kwa neno lililoeleweka vibaya. Kura yangu mimi najua nitakavyoipiga, sikuulizi hilo. Nakuuliza nifanye nini na ya kwake. Na nikuambie ukweli wote, kuna upande wangu unaotaka kuiba, unaotaka ukungu huu usiondoke mpaka Jumatano.

Niambie, Shangazi.

Mimi, Mshika Kibao


SHANGAZI ALPHONSINE ANAJIBU

Mshika Kibao,

Kwanza funga dirisha. Utapata kikohozi na hakuna wa kumsomea mume wako maelezo ya dawa.

Pili, kwa wasomaji wangu wapekuzi: majina nimebadilisha yote na shamba nimelihamisha, atakayelitafuta ataangukia ziwani. Na safu hii haimwambii mtu yeyote apige kura vipi. Nina ndugu upande huu na ndugu upande ule, na wote wanakuja kula kwangu Krismasi.

Sasa wewe. Umefanya vibaya, na unajua, ndiyo maana umeandika kurasa zote hizi. Kosa lako si kushika ubao. Mke anashika ubao, mume anapiga nyundo, huko ni kuishi pamoja. Kosa lako ni pale kwenye simu. Mtoto alikuuliza baba yake anamaanisha nini, na wewe ukamjibu kwa niaba ya mtu aliyekuwa chumba cha pili anavua viatu. Umemtafsiria Fernand miaka mingi mpaka umeanza kudhani mdomo ni wako. Mkalimani akimaliza kazi yake ananyamaza, mama. Wewe humalizi.

Na hiyo kura usiiguse. Hata ikiwa ya kosa, hata ikiwa inakuchoma moyo, ni ya kwake. Wakati ule Ndiyo yake ilikuondolea mtoto, na ilikuwa ya kwake vilevile. Ukiiba hii kwa sababu safari hii imekupendelea, basi kesho usimlalamikie mtu yeyote anayekutafsiria wewe apendavyo.

Nimemaliza kukugombeza. Sogea karibu.

Nakuonea huruma kweli. Nimekaa na barua yako siku mbili, na nikiwa naosha vyombo nimejikuta nakuona kwenye ule mtaro na unga mikononi. Hakuna mama anayepaswa kuuliza hali ya hewa ya Portland ili apate cha kumlisha mume wake. Lakini nimeisoma barua yako mara ya pili, na mara ya tatu, na kuna mambo umeyaandika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, halafu ukayapita kama unapita nyumba za watu barabarani.

Unasema kwenye karamu ya maharage alikuwa amesinzia, na kipande cha mkate wa siagi mkononi. Mume wangu marehemu alikuwa bingwa wa kusinzia karamuni, nimefua siagi kwenye kila suruali yake. Mtu akisinzia mkate unaanguka. Wa Fernand haukuanguka.

Unasema alihamisha ubao kwa sababu pale pa zamani pameota jiwe. Najua mawe yanaota, baridi inayasukuma juu kutoka chini ya udongo, mimi pia nimeyaokota kila masika mpaka kucha zikanitoka. Lakini jiwe ambalo limeziba upande wote wa kanisani, likaacha wazi kona moja tu ya nyasi zenu, ile inayoonekana ukitoka kusini, hilo ni jiwe lenye akili sana.

Unasema rafiki yake wa utotoni amemkatia kahawa naye hakuuliza kwa nini. Padri anamwambia atamwombea naye anasema asante. Msichana wa nywele za bluu anamkumbatia, naye anakaa kwenye gari. Mtu asiyejua kinachoendelea angeingia ndani akavua kofia akakuambia, mama, watu wamerukwa na akili. Fernand hajashangaa hata mara moja. Wewe ndiye unayeshangaa.

Na kubwa kuliko yote. Maisha yenu yote kila karatasi anakuletea na kukuuliza wanasemaje hawa. Hii hakukuletea. Wewe umeona ni kwa sababu hajui kwamba hajui. Mimi naona labda ni kwa sababu alijua, na hakutaka aulizwe na mtu yeyote, hata na wewe, je mzee umebadilika? Mtu aliyeiva upande mmoja, umemwita. Mtu wa hivyo hawezi kusimama mbele ya bonde zima akasema nilikosea, mwanangu arudi. Itamuua. Lakini kama neno limegeuzwa na watu wa serikali, na yeye anachofanya ni kurudisha ubao wake uleule na herufi zake zilezile, basi Fernand hajageuka hata kidogo. Amesema alichosema.

Labda. Nakuambia labda, na ulishike hilo neno kwa nguvu kuliko ulivyoshika ubao. Mimi nakaa kwenye meza ya gazeti na miwani puani, simwoni mume wako. Huenda ni mzee mwenye kukosea aliyeshiba maharage, na mimi nimejenga kasri juu ya kipande cha mkate. Ndiyo maana hutakiwi kuniamini mimi, wala kujiamini wewe. Muulize mwenye ubao.

Utafanya hivi. Jumamosi, mchana kweupe, mkishakula, vaa koti umwambie mtoke nje. Nendeni mpaka kwenye ile kona ya mti wa tofaa. Usimuulize huko ndani, huko ndani ana mkate wa kujificha nyuma yake. Simama mbele ya ubao umwambie, "Mzee, wanasemaje hawa?" Maneno hayohayo anayokuambia yeye. Halafu nyamaza. Usimsaidie. Usimalizie sentensi yake. Hata ukungu ukipita katikati yenu na akakawia kama mtu aliyelala kwenye mapipa, wewe nyamaza.

Akikujibu kwa maana ya mwaka ule, basi amekosea kweli, na utamtafsiria swali la mwaka huu palepale, neno kwa neno, bila sukari na bila machozi. Akitaka kung'oa, utashika ubao kama ulivyoushika wakati wa kuusimika, maana ni wake. Kisha utaingia ndani umpigie Solange kabla hawajawasha gari, umwambie, ile ndiyo ilikuwa ya kwangu, haikuwa ya baba yako. Atalia. Afadhali alie Portland kwenye meza yake, Colleen akimwambia apumue, kuliko kulia uani kwenu mbele ya kuku kwa mara ya pili. Na wewe utapanda basi uende ukamwone huko kusini, jambo ambalo ulipaswa kulifanya tangu zamani, badala ya kukaa kungoja mavuno yakuletee mtoto. Hilo la basi sikukupigia kelele nalo mapema kwa sababu barua ilikuwa ndefu, lakini lichukue.

Akikujibu kwa maana ya mwaka huu, usimrukie. Usilie shingoni mwake, usiseme nilijua, usimuulize tangu lini. Usimpigie mtu yeyote simu. Sema, "Sawa, mzee," mrudi ndani, uchanganye unga wa ploye mwingi, kwa maana mtakuwa wanne mezani na mmoja wenu hajawahi kuionja. Colleen akinyoosha mkono akataka kuigeuza, mwacheni aigeuze.

Na Jumapili simu haitakuwepo, mtoto atakuwa njiani, kwa hiyo utakapomwona mzee wako amevua kofia, amekaa, anatazama ile kona na anakuuliza kama kusini mvua inanyesha, safari hii usimjibu. Mwambie aende akafungue mlango, amuulize mtoto wake mwenyewe.